Pesa zimekatwa kwenye kadi yako Marekani na hukununua kitu: hatua za kufuata

Mwongozo huu ni wa wenzetu wanaoishi Marekani na wanaotumia kadi ya debiti, ile inayochota pesa moja kwa moja kwenye akaunti. Mwizi akipata kadi yako ya mkopo, anatumia pesa za benki huku wewe ukibishana na bili. Akipata ya debiti, ameondoka na kodi ya nyumba, na mwenye nyumba hasubiri uchunguzi. Sheria inakulinda kotekote, lakini kwenye debiti ulinzi wenyewe unahesabiwa kwa siku, na hapo ndipo wengi wetu tunapopoteza haki. Mtu anaona dola 38 hazieleweki, anajiambia ataulizia Jumamosi akiwa mapumziko, Jumamosi anaitwa kazini, na mwezi unakatika.

Sheria yenyewe inaitwa Electronic Fund Transfer Act, ya mwaka 1978, na kanuni zinazoitekeleza zinaitwa Regulation E. Yashike majina haya mawili jinsi yalivyo, kwa sababu utayaandika kwenye barua. Sheria haiulizi kama wewe ni raia, mkimbizi au una kibali cha muda. Inaangalia akaunti: iwe ni ya mtu binafsi kwa matumizi yake na ya familia. Akaunti ya biashara, hata kama biashara ni wewe peke yako na lori lako au kiti chako cha kusukia nywele, haimo. Hiyo inategemea mkataba wako na benki, na ndiyo sababu moja nzuri ya kutochanganya pesa za biashara na za nyumbani. Kadi za mshahara ambazo viwanda na maghala huwapa wafanyakazi badala ya hundi zimo. Kadi za kulipia kabla zimo pia, ila isajili kwa jina lako kwanza. Isiyosajiliwa ina ulinzi mdogo.

Kwanza, angalia kama kweli ni wizi

Fanya hivi upesi, muda wa kunywa chai tu. Majina yanayotokea kwenye taarifa ya akaunti mara nyingi hayafanani na jina lililo mlangoni mwa duka. Yanayoanza na SQ * ni ya muuzaji anayetumia mashine ya Square, pengine yule mama wa sambusa sokoni. TST* ni mgahawa unaotumia Toast. PAYPAL * hufuatwa na jina la aliyelipwa. Liweke jina zima kwenye Google pamoja na kiasi, kisha waulize wa nyumbani. Mtoto aliyewahi kuitumia kadi yako kwenye simu yake kununulia mchezo ndiye mshukiwa wa kwanza, na heri ujue kabla hujaiambia benki kuwa ni mwizi.

Halafu kuna pesa zilizoshikiliwa tu. Ukilipia mafuta kwenye pampu, kituo kinaweza kushikilia hadi dola 175 hata kama umejaza ya 40, na hoteli na kampuni za kukodisha magari hufanya vivyo hivyo. Kiasi hicho huonekana kama kinachosubiri, kisha kinaachiwa na kubaki kile ulichotumia.

Ambacho hupaswi kukidharau ni kiasi kidogo kabisa: senti 80, dola moja, dola mbili na kitu, kutoka kwa kampuni usiyoijua. Wezi hununua namba za kadi kwa mafungu na kuzijaribu kwa pesa ndogo kabla ya kuchota kubwa. Ukiona dola moja ya ajabu, usishukuru kuwa ni moja tu. Piga simu siku hiyohiyo.

Funga kadi, kisha piga simu

Programu za simu za benki nyingi zina kitufe cha kufunga kadi. Kibonyeze kwanza. Lakini kufunga kadi si kuripoti. Ni kama kufunga mlango huku polisi hujawaita: anayehesabiwa kuwa ameripoti ni yule aliyeiambia benki kuna miamala ambayo hakuiidhinisha.

Piga namba iliyo nyuma ya kadi. Usipige iliyokuja kwa ujumbe mfupi, wala usiendelee kuongea na mtu aliyekupigia akisema anatoka idara ya usalama ya benki, hata kama namba inayoonekana ni ya benki yako kweli, kwani namba hughushiwa. Kata, kisha upige wewe. Na katika mazungumzo yoyote ambayo si wewe uliyeyaanzisha, ile namba ya kuthibitisha inayoingia kwenye simu yako usimsomee mtu.

Kama Kiingereza chako kinakukwama ukiwa na hasira, omba mkalimani wa Kiswahili mwanzoni mwa simu. Benki nyingi kubwa zina huduma ya wakalimani wa simu na hazitozi. Ni bora kuliko kumtuma mtoto wa miaka kumi na miwili akuongelee. Benki itataka kukusikia wewe mwenye akaunti, na mambo mengine mtoto hapaswi kuyabeba.

Mwambie afisa mambo haya, kwa ufupi na bila hadithi ndefu: miamala fulani, ya tarehe fulani na kiasi fulani, hukuifanya wala hukumruhusu mtu aifanye, unataka kadi hii ifutwe na utumiwe yenye namba mpya, unataka uchunguzi ufunguliwe chini ya Regulation E, na unaomba namba ya kesi. Kama kadi umeiona imepotea au imeibiwa, sema uliligundua lini. Kama bado iko mfukoni mwako, lisisitize hilo, maana hesabu yake ni tofauti, na nitaieleza hapa chini.

Fomu yao au sauti ya mashine inaweza kukuuliza uchague tatizo. Kuna mlango wa "sikuidhinisha", na kuna mlango wa "nina mgogoro na muuzaji", yaani ulinunua bidhaa haikufika, au ulijiunga na majaribio ya bure wakaendelea kukukata. Usikosee mlango. Kesi ya wizi ikiingia mlango wa pili, utaambiwa uonyeshe risiti na barua ulizoandikiana na duka ambalo hujawahi hata kulisikia.

Mengine utakayoambiwa ambayo hayana msingi: kwamba lazima uongee na muuzaji kwanza, au lazima ulete ripoti ya polisi ndipo uchunguzi uanze. Benki inaweza kuomba vitu hivyo. Haiwezi kuugomea uchunguzi kwa sababu hujavileta. Kama pochi imeibiwa kweli, ripoti ya polisi ina faida yake, lakini ni juu yako.

Muamala ukiwa bado unasubiri, afisa anaweza kusema hawezi kufungua kesi mpaka uingie rasmi. Sawa, ila hakikisha ameandika kuwa umepiga leo. Na wewe uandike: tarehe, saa, jina la afisa, alichosema.

Hesabu ya siku

Hapa ndipo penye uzito, kwa hiyo twende polepole.

Hali ya kwanza: kadi iko kwako, lakini namba yake imetumika. Labda ilinakiliwa kwenye pampu ya mafuta, labda duka la mtandaoni lilidukuliwa. Ukiripoti ndani ya siku 60 tangu benki ilipokutumia taarifa ya mwezi iliyoonyesha muamala huo, hubebi hata dola moja. Siku hizo zinaanza pale benki inapoituma taarifa. Ukiwa umekubali kupokea kwa barua pepe na hufungui, saa inatembea vilevile.

Hali ya pili: kadi imepotea au imeibiwa. Hapa kuna ngazi tatu. Ukiripoti ndani ya siku mbili za kazi tangu ulipojua, unabeba dola 50 kwa kiwango cha juu kabisa. Ukizipitisha, unaweza kubeba hadi dola 500. Na ukipitisha siku 60 tangu kutumiwa taarifa, yale yote yatakayochukuliwa baada ya siku hizo 60 mpaka utakaporipoti ni yako, hata kama akaunti itakaushwa.

Siku uliyogundua haihesabiwi, na siku ambayo si ya kazi kwa benki haihesabiwi. Tuseme pochi imechomolewa kwenye basi Ijumaa jioni ukajua usiku uleule, na benki yako haihesabu Jumamosi kuwa siku ya kazi. Jumatatu ni siku ya kwanza, Jumanne ya pili, na una mpaka usiku wa Jumanne kabla ya saa sita. Mwizi ametoa dola 100 Jumamosi. Ukipiga simu Jumanne, unabeba 50, benki inakurudishia 50, na habari imeisha. Usipopiga, naye Jumatano akatoa dola 600 zaidi, ukaja kupiga Alhamisi: katika zile 700 unaweza kubaki umebeba 500. Simu hiyohiyo, tofauti ni dola 450.

Hata katika ngazi ya 500, si kwamba benki inajikatia tu. Ni juu yake kuonyesha kwamba wizi wa baada ya siku mbili usingetokea kama ungeripoti mapema. Na katika kesi nzima, mzigo wa kuthibitisha kuwa muamala uliidhinishwa uko kwa benki. Wewe hulazimiki kuthibitisha kwamba hukuwa Florida siku ile, ingawa ukiwa na karatasi ya zamu inayoonyesha ulikuwa kazini Iowa, ipeleke, itafupisha maneno.

Visa na Mastercard nazo zina ahadi yao kuwa mteja hatabeba chochote kwenye miamala asiyoidhinisha, na mara nyingi ndiyo inayokuokoa hata zile 50. Ina masharti yake, na haifuniki kila aina ya muamala. Ichukue kama nyongeza. Sheria ndiyo msingi.

Umechelewa kwa sababu ulisafiri? Watu wetu husafiri kwa miezi, sio wiki: msiba Kigoma, harusi Mombasa, mama anaumwa Bukavu. Regulation E inaitaka benki iongeze muda kwa kiasi cha kuridhisha pale kuchelewa kunapotokana na safari ndefu au kulazwa hospitali. Nakala ya tiketi na mihuri ya pasipoti ndiyo ushahidi. Wachache sana wanaokumbuka kuuliza hili, na afisa wa simu hatakukumbusha.

Na kama umepitisha siku 60, bado ripoti. Yaliyotokea kabla ya siku hizo kwisha hayageuki kuwa mzigo wako kwa sababu tu umechelewa. Unachopoteza ni ulinzi wa yaliyofuata, pamoja na ile ratiba ya uchunguzi nitakayoieleza sasa hivi.

Andika barua hata kama hawajakuambia

Simu inatosha kisheria kufungua kesi. Lakini benki inaruhusiwa kukutaka uthibitishe kwa maandishi ndani ya siku 10 za kazi tangu ulipopiga, na ikikutaka hivyo nawe usiandike, haidaiwi kukurudishia pesa wakati uchunguzi unaendelea. Wengine huambiwa hilo katikati ya maneno mengi ya simu na halisikiki. Kwa hiyo andika tu, siku hiyohiyo au kesho yake.

Ukurasa mmoja unatosha. Jina lako na namba ya akaunti (nne za mwisho kama hutaki zote). Tarehe uliyopiga simu na namba ya kesi. Orodha ya miamala: tarehe, jina lililoandikwa, kiasi. Sentensi moja kuwa hukuifanya, hukuiidhinisha, na hukufaidika nayo. Sentensi nyingine kuwa kadi ilikuwa kwako muda wote, au iliibiwa tarehe fulani ukajua tarehe fulani. Kisha omba irekebishwe chini ya Electronic Fund Transfer Act na Regulation E, pamoja na makato yoyote yaliyosababishwa na wizi huo. Weka sahihi. Barua iwe ya Kiingereza; mtu wa kanisani au msikitini, mfanyakazi wa shirika lililokupokea, au mkutubi wa maktaba ya umma anaweza kukunyooshea lugha.

Ipeleke kwenye anwani ya malalamiko iliyo kwenye taarifa ya mwezi, nayo mara nyingi si anwani ya tawi lako. Posta, omba huduma ya Certified Mail yenye karatasi ya kurudisha sahihi ya mpokeaji. Itakugharimu dola kadhaa. Ukipenda kupeleka tawini kwa mkono, nenda na nakala mbili, moja igongwe muhuri au iandikwe tarehe na aliyeipokea, urudi nayo nyumbani.

Usisahau makato. Mwizi akikausha akaunti na malipo ya umeme yakagonga mwamba, benki inaweza kukutoza faini ya kupitisha salio. Ikithibitika kuwa kosa lilitokea, faini hizo nazo zinapaswa kurudi. Zisipotajwa, mara nyingi husahaulika, kwa hiyo zitaje kwa kiasi na tarehe.

Kusubiri

Benki ina siku 10 za kazi kuchunguza. Ikihitaji muda zaidi inaweza kufika siku 45, lakini kwa sharti: ndani ya zile 10 ikuwekee pesa za muda kwenye akaunti, na uweze kuzitumia zote. Inaweza kubakiza hadi dola 50 tu, endapo ina sababu ya kuamini kwamba muamala haukuidhinishwa nawe. Siku 45 hurefuka kuwa 90 kama muamala ulifanywa kwa kadi ya debiti dukani au mtandaoni, kama ulianzia nje ya Marekani, au kama akaunti ni mpya, yaani haijafikisha siku 30 tangu uweke pesa mara ya kwanza. Kwa akaunti mpya, zile 10 nazo huwa 20. Wageni waliofika juzi wanapigwa na kanuni hii zaidi ya wote: akaunti ina wiki tatu, pesa zote za kuanzia maisha zimo humo.

Siku ya 10 ya kazi ikipita kimya, piga simu, taja namba ya kesi na uulize pesa za muda ziko wapi. Usigombe. Uliza tarehe, andika jibu.

Zikiingia, elewa ni za nini. Zinakuwezesha kulipa kodi, na kwa kazi hiyo zitumie. Lakini zikipelekwa zote nyumbani kumalizia bati la nyumba, halafu benki ikaamua dhidi yako, zitachomolewa kutoka kwenye mshahara unaofuata. Benki ikizitoa lazima ikuarifu, na kwa siku tano za kazi baada ya hapo iendelee kuheshimu hundi zako na malipo uliyoyapanga tangu awali, bila kukutoza kwa kupitisha salio, kwa kiasi ambacho kingelipika kama pesa zile zingekuwepo.

Wakikukatalia

Barua ya kukataliwa huwa fupi na yenye ubaridi: tumechunguza, hapakuwa na kosa. Sababu inayopendwa ni kwamba chipu na namba ya siri vilitumika, kwa hiyo ni wewe. Usiishie hapo.

Kwanza, omba nakala za nyaraka walizozitegemea. Ni haki yako, na barua yenyewe inapaswa kukuambia hivyo. Mara nyingine kinachokuja ni ukurasa mmoja wa kompyuta unaoonyesha kuwa muamala ulifanyika, jambo ambalo hukulikana. Jibu kwa barua nyingine: kuonyesha kuwa kadi ilitumika hakuonyeshi nani aliyeitumia.

Pili, lalamika juu yao. Ofisi ya serikali kuu inayohusika ni Consumer Financial Protection Bureau (CFPB). Unaweza kujaza malalamiko kwenye consumerfinance.gov au kupiga 855-411-2372, ambako kuna wakalimani wa lugha zaidi ya 180. Malalamiko hupelekwa kwa benki, na kwa kawaida hujibiwa ndani ya siku 15, hadi 60 kwa kesi ngumu. Ofisi hii imekuwa kwenye msukosuko wa kisiasa tangu mwanzoni mwa 2025, kwa hiyo mimi nisingeitegemea peke yake. Benki yenye neno National au herufi N.A. kwenye jina lake husimamiwa na Office of the Comptroller of the Currency, na vyama vya akiba na mikopo vilivyosajiliwa na serikali kuu viko chini ya msimamizi wao, NCUA. Mwanasheria mkuu wa jimbo lako naye ana dawati la walaji. Peleka nakala kote; haigharimu kitu, na faili la mtu aliyelalamika kwa msimamizi huwa linafunguliwa upya na mtu mwingine, mwenye cheo.

Tatu, mahakama. Una mwaka mmoja tangu benki ilipovunja sheria kuishtaki. Ukishinda, pamoja na hasara yako, sheria inaruhusu fidia ya dola 100 hadi 1,000 na gharama za wakili wako kulipwa na benki. Hilo la mwisho ndilo linalowafanya mawakili wa walaji wakubali kesi ya mtu asiye na kitu. Ofisi za msaada wa kisheria wa bure ziko katika kila jimbo, lawhelp.org itakuonyesha ya kwako.

Yale yanayotutatiza sisi hasa

Kadi tunaazimana. Umemtuma mpwa wako akakutolee dola 60, ukampa na namba ya siri, akatoa 400. Moyoni ni wizi, lakini kisheria umemruhusu, na benki haidaiwi kitu. Ulinzi unaanza pale tu utakapoiambia benki kuwa huyu hana ruhusa tena. Ya kabla ya hapo mtayamaliza kwenye kikao cha familia. Kwa upande mwingine, kama uliandika namba ya siri kwenye karatasi ikaibiwa pamoja na pochi, afisa anaweza kukuambia ni uzembe wako. Uzembe haupandishi mzigo wako chini ya Regulation E. Na aliyelazimishwa kwa silaha kutoa pesa kwenye ATM hakuidhinisha chochote.

Namba ya kuthibitisha uliyomsomea tapeli ni suala linalowafanya watu wakae kimya kwa aibu, na aibu inakula siku. Mtu amepiga akijifanya benki, ukamsomea namba, akaingia kwenye akaunti na kuhamisha pesa. Huo ni muamala usioidhinishwa. CFPB ilisema hivyo waziwazi katika maelezo yake ya mwaka 2021, na benki nyingi bado hujibu kana kwamba halikusemwa. Litaje kwenye barua. Tofauti ni pale tapeli anapokudanganya wewe mwenyewe ubonyeze kutuma, kwa Zelle kwa mfano, ile huduma ya benki ya kutumiana pesa. Hapo kisheria umeidhinisha, ingawa tangu 2023 benki za mtandao wa Zelle hurudisha pesa katika baadhi ya utapeli wa watu wanaojifanya taasisi. Ripoti tu, na mapema.

Programu za kutuma pesa nyumbani huhifadhi kadi yako. Mwizi akiingia kwenye akaunti yako ya programu hiyo na kutuma pesa kwa namba asiyoijua mtu, ripoti sehemu mbili: kwa kampuni ya kutuma na kwa benki. Kuna haki ya kufuta utumaji ndani ya dakika 30 za kulipa, lakini ni pale tu pesa zinapokuwa hazijapokelewa, na kwa pesa za simu upande wa pili huwa zimeshaingia kabla hujafikia dakika ya tatu.

Kadi ya EBT, ile ya msaada wa serikali, ni habari nyingine, na si njema. Msaada wa chakula haulindwi na Regulation E. Bunge la Marekani liliruhusu kwa muda pesa za serikali kuu zitumike kufidia msaada ulioibiwa kwa kunakili kadi, na ruhusa hiyo iliisha tarehe 20 Desemba 2024. Ulioibiwa baada ya hapo haufidiwi na serikali kuu. Kadi nyingi za EBT bado ni za ukanda wa sumaku bila chipu, na ndiyo maana wezi wanazipenda. California ilianza kutoa zenye chipu mwaka 2025. Ripoti kwa ofisi ya jimbo hata hivyo, uulize kama jimbo lina mfuko wake. Na ubadilishe namba ya siri siku moja kabla ya msaada kuingia, kila mwezi. Wezi wanaijua tarehe kuliko wewe.

Kadi mpya ikifika

Badilisha nywila ya benki na ya barua pepe inayotumika nayo. Washa arifa ya simu kwa kila muamala, hata wa senti moja. Hiyo ndiyo itakayokufanya ujue Jumamosi badala ya mwisho wa mwezi. Mshahara unaoingia moja kwa moja hauguswi, kwa kuwa unatumia namba ya akaunti na sio ya kadi. Ukiweza, fungua akaunti ya pili ya kodi ya nyumba isiyo na kadi kabisa, na kwenye pampu za mafuta lipa kwa kugusisha kadi au ingia ndani kwa karani.

Jambo moja huwashangaza wengi: namba mpya haimfungii nje kila anayekukata. Visa na Mastercard zina huduma inayowapa wauzaji wa malipo ya kila mwezi namba yako mpya, ili huduma isikatike. Ni nzuri kwa bili ya simu, mbaya kwa ile kampuni ya vidonge vya kupunguza uzito uliyoijaribu bure. Kwa kampuni kama hiyo, iandikie kuwa umefuta idhini, kisha iambie benki izuie malipo hayo angalau siku tatu za kazi kabla ya tarehe ya kukatwa. Benki inaweza kutaka uthibitishe zuio hilo kwa maandishi ndani ya siku 14, na usipofanya, linaisha nguvu.